Kitambaa cha meza cha miezi mitatu kimefika kinanata na kina doa. Nyie mnafungaje vya kufuma mnapotuma mbali?

MfumajiMoro

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni mfumaji, niko Morogoro. Nafuma vitambaa vya makochi, vya meza, na shuka la kitanda mara mojamoja oda ikipatikana. Mwezi uliopita nilimaliza kitambaa cha meza ya duara, kipenyo sentimita 180, uzi mwembamba mweupe wa pamba, kroshia ya milimita 1.5. Miezi mitatu. Nilikuwa nafuma usiku watoto wakishalala, na Jumapili baada ya ibada. Mteja yuko Mwanza, tunajuana kwa simu tu.

Nikakifua, nikakitia wanga wa sukari kama alivyonifundisha mama, nikakipiga pasi, nikakikunja na kukikunja tena mpaka kikawa mraba kama shati la dukani. Nikakiwekea kikaratasi chenye jina langu, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha, nikaufunga fundo asiingie mdudu, halafu bahasha kubwa ya kaki. Nikapeleka stendi.

Mama wa watu hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Alituma picha tatu bila neno. Ya kwanza, mikunjo imekaa kama mistari ya daftari, kitambaa kimetandikwa mezani na bado unaweza kuhesabu miraba. Ya pili, pindo ya nje imegandana, na kuna sisimizi wawili. Ya tatu, doa dogo rangi ya chai, karibu na katikati.

Nimemrudishia nusu ya hela. Sasa mama huyo huyo, Mungu ambariki, ana mdogo wake Ujerumani aliyeona picha nilizopiga kabla ya kutuma, naye anataka kama hicho pamoja na vitambaa sita vya makochi vyenye maua yaliyosimama. Nikiharibu na hii sina pa kuuweka uso. Naomba mwenye uzoefu anielekeze kuanzia kufua mpaka boksi linafungwa. Na tafadhali msiniambie nitafute watu wa kunifungia mzigo, faida yenyewe ni ya kununulia uzi mwingine.

KijanaWaKitaa

Uzi kuhusu uzi, leo tumepatikana.

Dada, hapo walikufungulia mzigo njiani. Wakakuta si simu, wakarudishia.

MfumajiMoro

Hapana mkuu. Fundo lilikuwa langu lile lile na gundi ya bahasha haikuguswa, nilimuuliza. Kosa ni langu, nataka tu kujua lilikaa wapi.

UtingoMstaafu

Nimekula miaka kumi na moja kwenye mabasi ya mikoani, nikwambie safari ya bahasha yako.

Watu wanaamini mzigo mwepesi unakaa juu. Ni kweli, unakaa juu mpaka pale pa kwanza pa kushusha. Dodoma anashuka mtu ambaye gunia lake liko chini kabisa. Vyote vya juu vinatolewa, gunia linatoka, vinarudishwa kwa jinsi mkono ulivyovikamata. Ukifika Singida yanapakiwa madumu ya mafuta ya alizeti, na yanapakiwa na mtu mwenye haraka. Bahasha ndani ya buti ni mto, kila kitu kinaegeshwa juu yake.

Halafu buti lenyewe. Gari lililotoka Mwanza jana lilibeba dagaa. Usiku linapigwa maji, alfajiri bado lina majimaji na harufu, ndipo mzigo wako unaingia. Kwa hiyo usishangae unyevu.

Ushauri wangu ni mfupi. Boksi gumu, dogo, lililojaa. Ukilitikisa lisicheze, ukilikalia lisibonyee. Jina na namba ya simu kwa maka peni pande mbili, na karatasi nyingine yenye namba hizo hizo ndani, maana boksi likilowa wino unaondoka na ngozi ya boksi. Zile stika za glasi iliyovunjika usipoteze hela. Saa kumi alfajiri hakuna anayezisoma.

BibiWaFaroma

Marahaba mwanangu. Kabla sijasema mengi nijibu mawili. Hilo doa lina umbo gani, la duara au la mstari? Na hicho kikaratasi cha jina lako ulikishikiza kwa kitu gani?

MfumajiMoro

Ni kijistari, bibi, kama nusu ya kidole cha mwisho. Upande mmoja kina kitone. Kikaratasi nilikibana kwa pi

Ohoo.

BibiWaFaroma

Umejijibu. Pini ya kawaida, kitambaa chenye majimaji, mfuko umefungwa fundo: kutu ilikuwa na siku mbili za kufanya kazi yake bila kusumbuliwa. Mwambie huyo mama akamue ndimu juu ya doa, anyunyize chumvi, aanike juani, arudie, halafu asuuze maji mengi sana. Ajaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Na asithubutu kutia Jiki. Jiki inaondoa madoa ya chai, lakini kutu inaikaza.

Sasa hilo la wanga, ambalo ndilo kubwa. Mimi nimeshona kofia za viua tangu sijaolewa, hapa Unguja, na kofia zangu zimefika mbali kuliko mimi. Kofia tunaifua, tunaitia wanga, tunaivika kwenye faroma mpaka ikauke na kusimama. Faroma ni lile umbo la kichwa la kunyooshea kofia. Lakini hiyo ni kofia ya kuvaliwa hapa kesho Ijumaa. Kofia ya safari siitii wanga kabisa. Mvaaji ana wanga kwake.

Kwa nini? Kwanza, uzi uliotiwa wanga haukunjiki, unavunjika, kama karatasi. Ule mkunjo unaouona mezani si mkunjo wa uzi, ni mkunjo wa wanga, na pasi peke yake haiutoi mpaka wanga wenyewe uoshwe. Pili, wanga ni chakula. Mende anaupenda, na akiula hajui pa kuishia, anakata na uzi. Tatu, wewe ulitia sukari. Sukari inavuta maji ya hewani, hasa masika, inarudi kuwa shira. Ndiyo maana pindo imegandana, na ndiyo maana sisimizi walialikwa. Sukari ni ya kikapu cha mapambo kinachokaa kabatini Dodoma kwenye hewa kavu. Si ya kusafiri.

Na jambo la nne hukuliuliza. Pasi si jua. Pasi inakausha ngozi ya kitambaa. Kimia kilichofumwa kina mafundo, na fundo linaficha maji ndani hata ukigusa unaona pakavu. Baada ya pasi kiache kitandani, chini ya shuka safi, siku mbili nzima.

MfumajiMoro

Bibi asante sana. Lakini mteja akifungua akakuta kimelegea kama dekio, si atasema nimemuuzia kitu tofauti na cha kwenye picha?

BibiWaFaroma

Ndiyo maana una mdomo na simu. Mwambie kabla, na ndani umwekee kikaratasi. Wanga kijiko kimoja cha chakula, aukoroge kwa maji baridi kidogo, kisha amimine maji yanayochemka huku anakoroga mpaka uache weupe wa maziwa uwe unang'aa. Ukipoa achovye, akamue bila kusokota, akitandaze juu ya taulo, akivute kwa viganja mpaka duara likae. Wa muhogo ni mzuri kuliko wote, ila huko aliko wa mahindi atauona kila duka.

Mama_Pacha

Jamani mbona mnahangaika. Mimi natumia ile mifuko mikubwa ya kunyonya hewa. Blanketi zima linakuwa kama chapati, boksi linakuwa dogo, nauli inapungua.

StooYaMakumbusho

Mama Pacha, ndiyo, chapati, na chapati ndiyo atakayoipokea huyo wa Ujerumani. Mwenye uzi amesema vitambaa vya makochi vina maua yaliyosimama. Petali ya kufuma inasimama kwa sababu ndani yake kuna hewa na uzi umejipinda unavyotaka. Ukiibana siku kumi, inalala. Blanketi la sufi la kiwandani linaweza kuamka, ua la pamba haliamki mpaka lifuliwe upya. Na kama kulikuwa na unyevu wowote, umeufungia ndani pamoja na kitambaa.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye stoo ya vitu vya kale, nguo zikiwa sehemu yangu. Kanuni zetu za kuhifadhi ni za kukaa miaka, za posta ni za wiki mbili, lakini misingi haibadiliki: zungusha badala ya kukunja, na pale usipoweza kukwepa mkunjo, ujaze.

Nieleze kwa hicho cha duara. Tafuta bomba la boksi, lile linalobaki katikati ya majora ya vitambaa vya pazia. Wenye maduka huyatupa, ukiomba kwa heshima unapewa. Usiweke kitambaa moja kwa moja juu yake, maboksi ya kawaida yana asidi na hubadilisha rangi ya pamba nyeupe kadiri muda unavyopita. Livike kitambaa cheupe kilichofuliwa mara nyingi, shuka kuukuu, au kitambaa cha marekani, ile pamba ya kawaida isiyo na rangi. Kanga hapana, hata kama ni ya zamani. Maji yakiingia, kanga itaacha jina lake.

Kisha tandaza cha meza chini, uso ukiangalia chini. Cha sentimita 180 hakiingii kwenye bomba la kutumika posta, kwa hiyo kikunje pande mbili kuja katikati kibaki na upana wa sentimita 60. Mahali pa kila mkunjo lalisha kitu kama soseji cha tishu, unene wa kidole gumba, ili kitambaa kizunguke mviringo badala ya kuvunjika pembe. Hiyo soseji ndiyo siri yote. Ukiiacha, kazi nyingine zote umefanya bure. Juu yake tandika karatasi ya tishu, nyeupe, halafu anza kuzungusha kwenye bomba, taratibu, bila kuvuta. Kifuma kinavutika, ukikivuta ukiwa unazungusha utakuwa umekibadilisha umbo na kukifunga hivyo hivyo. Funga kwa utepe mpana wa kitambaa. Mpira hapana, uzi mwembamba hapana, selotepu isiguse chochote ulichofuma.

Tishu ninayosema ni ile karatasi laini inayowekwa kwenye boksi la viatu au wanayofungia nguo dukani. Ya rangi usitumie, ikilowa inachuja. Gazeti nalo wino wake unahamia hata pakavu.

Hivyo vya makochi usivizungushe. Vilaze kimoja kimoja, chini ya kila petali weka kibumba cha tishu kama vile unamvisha mtoto soksi, karatasi moja katikati ya kila kitambaa, kisha kadibodi ngumu chini na juu. Boksi lao liwe na nafasi ya maua kusimama. Ukisikia petali zinabanwa unapofunga kifuniko, boksi ni fupi.

Mfuko wa nailoni unaruhusiwa, ila ukae nje ya tishu, kazi yake ni kuzuia mvua tu.

KijanaWaKitaa

Na mchele? Simu ikiingia maji tunaitia kwenye mchele. Si aweke soksi moja ya mchele humo ndani?

StooYaMakumbusho

Mchele una fukusi, na vumbi lake linaganda kwenye uzi. Mwenye vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya anaweza kuweka viwili, lakini viwe havijakaa wazi. Kipakiti kilichokaa juu ya kabati miezi sita kimeshashiba maji ya chumbani kwako.

Jaribio langu la unyevu halina gharama. Kitambaa kikiwa tayari, kitie kwenye mfuko unaoonyesha, ufunge, uweke juani saa moja. Ukiona ukungu upande wa ndani wa mfuko, bado. Kitoe, kianike kivulini, urudie kesho.

MfumajiMoro

Nimejaribu sasa hivi na kitambaa ambacho nilikuwa naapa kimekauka. Baada ya dakika ishirini mfuko ulikuwa kama kioo cha bafuni. Nimekaa chini nikacheka peke yangu.

MpimaMizigo

Naona mmesahau hela. Kabla hujachagua umbo la kifungashio, uliza atatumia njia gani, maana posta na makampuni ya haraka hawapimi kitu kimoja.

Kwa posta ya kawaida kwenda nje, kifurushi kidogo mwisho ni kilo 2. Boksi: urefu, upana na kimo ukijumlisha visizidi sentimita 90, na upande mrefu usizidi 60. Cha mviringo kina hesabu yake: urefu jumlisha kipenyo mara mbili visizidi 104, na urefu usizidi 90. Bomba la StooYaMakumbusho likiwa na urefu wa 70 na kipenyo cha 12 ni 94, linapita. Kitambaa hicho hicho ukikiweka kwenye boksi la 50 kwa 20 kwa 20, unagonga 90 kamili, na karani mwenye rula akiwa ameamka vibaya utarudi nyumbani.

Kwa makampuni ya haraka wengi wanapiga urefu mara upana mara kimo, wanagawanya kwa 5000, na unalipia kilo kubwa kati ya hiyo na ya mizani. Boksi la 50 kwa 20 kwa 20 ni kilo 4. Mzigo wako kwa mizani haufiki hata kilo moja na nusu. Unalipia hewa. Lile bomba, wakilipima kama boksi la 70 kwa 12 kwa 12, ni kilo 2 na pointi kidogo sana.

Kwa hiyo mwanamke wa kufuma asidharau rula. Pima kwanza, ndipo ukatafute boksi.

KrosheNairobi

Habari zenu. Sisi huku huita tu vitambaa, na sebule bila vitambaa mgeni huuliza kama mmehamia jana.

Niongeze la forodha, kwa sababu nimeona wengi wakifunga vizuri kabisa kisha mzigo ukakaa ghalani kwa ajili ya karatasi. Posta watakupa fomu ya CN22. Hiyo ni ya vifurushi vidogo vya thamani isiyozidi SDR 300, kile kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Ikizidi hapo, jaza CN23 iliyo ndefu zaidi. Mahali pa maelezo usiandike "zawadi" wala "nguo" wala "vitu vya mkono". Andika kwa lugha inayosomeka huko kwamba ni kitambaa cha meza, kimefumwa kwa kroshia, pamba asilimia mia, kipande kimoja. Namba ya forodha ya vitambaa vya meza vya kufuma ni 6302.40, shuka la kutandika juu ya kitanda la kufuma ni 6304.11. Karani atakupenda.

Na usimsaidie mteja kudanganya. Tangu 1 Julai 2021, bidhaa yoyote inayoingia Umoja wa Ulaya inatozwa kodi ya ongezeko la thamani hata ikiwa ya bei ndogo, na Ujerumani ni asilimia 19. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi yuro 45 ndiyo inayosamehewa, na yako si zawadi, umelipwa. Mwambie mapema kwamba atadaiwa, asije akadhani ni wewe uliyekula hela yake. Wenye wateja Marekani nao wajue kuwa ule msamaha wa dola 800 ulisitishwa tangu 29 Agosti 2025. Mteja wangu mmoja alikataa kupokea mzigo kwa sababu hiyo, ukanirudia baada ya miezi miwili. Ulikuwa umefungwa vizuri, kwa hiyo niliuuza kwa mwingine bila hata kuufua.

Mama_Pacha

Wacha nijifunze. Mifuko yangu nitafungia magodoro.

MswahiliMuscat

Salamu kutoka Muscat. Mimi niko upande wa pili wa hadithi, upande wa kupokea. Kofia za kushona kwa mkono zinanijia kutoka Unguja kila kabla ya Idi, nyingine zangu, nyingine za majirani. Nimefungua mizigo mingi, na yapo mambo mawili mpakiaji hayaoni kwa sababu yeye hayupo wakati wa kufungua.

La kwanza manukato. Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akitia karafuu nzima kwenye kofia ili zisiingiwe na wadudu, kama tunavyotia kwenye sanduku la nguo. Sandukuni ni sawa. Kwenye boksi lililokaa kwenye joto la hapa mwezi wa sita, karafuu zilitoa mafuta. Kofia mbili zilikuwa na viduara vya rangi ya kahawia juu ya utosi, na havikutoka. Na vile vidonge vyeupe vya nondo ndiyo kabisa, harufu haitoki kwenye pamba hata ukianika wiki. Kama mtu anataka kunukia atajifukiza mwenyewe.

La pili ni kisu. Nyinyi mnafunga selotepu tabaka tatu kwa hofu ya wezi. Mimi nimekaa na boksi, siwezi kulifungua kwa mkono, nachukua kisu cha jikoni, nakipitisha katikati pale makunjo mawili ya boksi yanapokutana. Na chini ya pale pale, bila kitu chochote katikati, ndipo mmelaza kazi ya miezi mitatu. Mwaka jana nilipitisha kisu nikasikia kimeshika kitu. Kofia ya bwana harusi. Nyuzi nne. Nilikaa kimya kama dakika tano.

Kwa hiyo juu kabisa, chini ya kifuniko, weka kadibodi ngumu, mbili ukiweza. Na mwisho wa selotepu ukunje ndani kidogo ibaki mkia wa kushika.

BibiWaFaroma

Ulinificha hilo la bwana harusi, wewe mtoto.

MswahiliMuscat

Bibi shikamoo. Nilimpa fundi wa hapa akaiziba, hapaonekani kitu. Nilijua siku moja utasoma.

UtingoMstaafu

Hahaha, huu uzi una wenyewe.

MfumajiMoro

Nawashukuru wote, nimeandika yote kwenye daftari la oda. Bomba nimepata bure, jamaa wa pazia pale mjini alinipa manne. Kitambaa cha marekani nimenunua nusu mita. Pini zote za nyumba hii nimezitupa, nimebaki na za chuma kisichoshika kutu za kutandazia. Nitarudi.

MfumajiMoro

Nimerudi. Ni miezi kadhaa sasa tangu niandike mara ya mwisho, mingi kati ya hiyo ni ya kufuma.

Mzigo ulienda mara mbili tofauti, bomba peke yake na boksi la vitambaa vya makochi peke yake, nikiogopa kuweka mayai yote kapu moja. Nilivikausha siku tatu, jaribio la mfuko likapita mara ya pili. Posta karani alipoona nimejaza namba ya forodha aliinua kichwa akaniuliza nafanya kazi wapi.

Bomba lilifika kwanza, siku kumi na moja. Kitambaa kimetoka laini, mistari miwili tu myepesi, na dada anasema ilitoka aliponyunyizia maji na kukilaza. Wanga bado hajatia, anasema anakipenda kikilegea hivyo hivyo kinaanguka vizuri pembeni mwa meza. Bibi, dekio limependwa.

Boksi lilichelewa, siku kumi na tisa, na kona moja ilikuja imepondeka. Maua matano kati ya sita yamesimama. La sita limelala upande, ni lile lililokuwa kwenye hiyo kona. Tishu yake ilihama, nadhani sikuisokomeza vya kutosha. Amelipuliza mvuke wa birika, likainuka kidogo.

Halafu akanitumia picha ya ile kadibodi ya juu. Nilikuwa nimeacha mkia wa selotepu, nikaandika na mshale kabisa, vuta hapa. Ina mkato mrefu wa kisu kutoka mwanzo mpaka mwisho, umepita tabaka la kwanza na kuishia kwenye la pili.

MswahiliMuscat

Binadamu.

KijanaWaKitaa

Dada, seti ya makochi ya watu saba unafanya bei gani? Mama anataka, yuko Tabora. Na unatuma kwa basi?

MfumajiMoro

Njoo chemba tuongee bei. Kwa basi natuma, ila boksi unanunua wewe.